Kabureta ya trekta kuukuu ya kukata nyasi: ununue ipi kwanza, na uitegeshe vipi

Kabla hujatoa hela hakikisha kweli ni kabureta, maana wengi wanabadilisha kumbe chujio la mafuta limeziba au mpira wa petroli umeoza kwa ndani. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, kinga kikopo, petroli itoke ya kutosha (kama mashine ina pampu ya mafuta zungusha starta kidogo, ila chomoa waya wa plagi ya cheche na uuweke mbali isilete cheche). Halafu ile soleni (vali ya umeme inayofungua mafuta) chini ya bakuli la floti (boya linalopima mafuta ndani ya kabureta), ukifungua swichi lazima ilie tik. Umeme unafika na hailii? Nunua soleni peke yake, kabureta iache.

Sasa kama tatizo ni kabureta, mpangilio wangu ni huu.

Namba 1 ni ripea kiti, yaani pakiti ya vipuri vya kuikarabati: nido (kisindano kinachofunga mafuta), gasketi na wakati mwingine floti, halafu unasafisha ile ile uliyonayo. Injini inayopanda na kushuka yenyewe kama inahema mara nyingi ni kijitundu cha jeti (njia ndogo ya mafuta) ya sailensa, yaani mwendo wa polepole bila kuongeza mafuta, kimezibwa na petroli iliyokaa ikawa gundi, dawa yake ni kuzibua na kupuliza upepo, usichokonoe na waya mgumu utaongeza tundu na hapo ndo umeiharibu. Ukikuta oili imejaa kupita kipimo na inanuka petroli, nido haifungi, usiwashe mpaka ubadilishe nido pamoja na oili yenyewe. Lakini kiti haiponyi kila kitu, shika ekseli ya kile kipepeo cha hewa kinachoongeza mwendo uitikise, ikicheza sana juu chini basi hewa inaingia pembeni na hata ufunge gasketi za dhahabu sailensa haitatulia.

Hapo ndo unakwenda namba 2, mpya orijino. Ni ghali, wakati mwingine unajiuliza kama trekta yenyewe inastahili, ila inakaa bila ubishi. Unapoagiza usitaje jina la trekta, taja namba za injini, sababu trekta za jina moja zinafungwa injini tofauti. Briggs & Stratton wanagonga model, type na code kwenye bati la injini, andika zote tatu. Kohler wao tafuta namba ya spec.

Namba 3, kopi. Zipo nzuri tu, bei kidogo, mimi naziweka hapa kwa sababu huwezi kujua jeti waliyoweka ndani. Linganisha na ya zamani kabla ya kufunga: matundu ya lineji (vijiti vinavyovuta kipepeo), plagi ya soleni, upande mpira wa mafuta unapoingia. Gasketi zinazokuja nazo nyingi ni karatasi nyembamba, bora ununue za pembeni.

Mtumba ya mwisho kabisa, unanunua ekseli iliyolika ya mtu mwingine. Labda kama injini yako haitengenezewi tena spea.

Kufunga: piga picha kwanza, hasa springi ya gavana (kidhibiti mwendo cha injini) imekaa tundu lipi, maana ukikosea tundu injini inaweza kukimbia kupita kiasi na nyingi mwisho wake ni kama mizunguko 3600 kwa dakika. Kile kipande cha plastiki kati ya kabureta na injini kirudi mahali pake, kinazuia joto. Badilisha chujio hapo hapo, uchafu ule ule usiingie kwenye kitu kipya.

Kutegesha: skurubu ya mchanganyiko wa sailensa ikaze taratibu mpaka iguse tu, ukilazimisha unaharibu ncha, halafu irudishe mzunguko mmoja mpaka mmoja na nusu. Washa, acha injini ipate moto dakika tano hivi. Kaza kidogo kidogo mpaka ianze kuzorota, kumbuka pale, legeza mpaka izorote tena, weka katikati. Ndo baadaye unagusa skurubu ya spidi. Zile zenye kifuniko cha kuzuia usizunguke sana, au jeti kuu isiyo na skurubu, usihangaike nazo.

Ikiwa inatulia tu ukivuta choki (ya kupunguza hewa) nusu, bado mafuta hayatoshi au kuna hewa inapenya, usikimbilie kununua nyingine, rudi kwenye gasketi na ile jeti ndogo.