Kijitabu cha Hegel cha Wandegeya: maisha yameandikwa sawa, misemo ina mushkeli

Utakikuta kwenye meza za vitabu kando ya barabara, Wandegeya jijini Kampala, karibu na vibanda vya fotokopi. Kurasa 64, picha ya bundi juu ya jalada, jina la mhariri hakuna wala la mchapaji. Bei huanzia shilingi 10,000; mwenye subira hupewa kwa 7,000. Ahadi yake ni maisha, fikra na misemo ya mwanafalsafa Mjerumani Georg Wilhelm Friedrich Hegel kwa jioni moja.

Maisha yameandikwa vizuri: kuzaliwa Stuttgart mwaka 1770, masomo Tübingen pamoja na mshairi Hölderlin na mwanafalsafa Schelling, ukuu wa shule Nürnberg, kisha Heidelberg, halafu Berlin kuanzia 1818 hadi alipofariki 1831. Kosa ni moja. Kinasema alimwona Napoleon baada ya mapigano ya Jena, Ujerumani, ilhali barua aliyomwandikia rafiki yake Niethammer kuhusu "roho ya ulimwengu", yaani Napoleon, akitoka mjini juu ya farasi ni ya tarehe 13 Oktoba 1806, siku moja kabla ya mapigano.

Penye misemo ndipo hela inapopotea. Hakuna msemo hata mmoja uliotajiwa kitabu ulikotoka, kwa hiyo ya kweli na ya kubandikwa yamechanganywa. Ukurasa mzima unanadi "tasnifu, kinzani, usanisi" (dai, dai linalolipinga, kisha muungano wa yote mawili) kuwa ndiyo kanuni ya Hegel. Utatu huo aliutumia Fichte, mwanafalsafa aliyemtangulia. Aliyeueneza kwa jina la Hegel ni Chalybäus, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani. Ukitaka kuona Hegel mwenyewe anavyokwenda, fungua mwanzo wa kitabu chake Sayansi ya Mantiki. Anaanza na kuwepo kutupu, kusiko na sifa yoyote. Ukikutafakari hukuti cha kushika, basi hakutofautiani na kutokuwepo; na kule kupita kutoka hiki kwenda kile ndiko kunakoitwa kugeuka. Hakuna kitu cha pili kilicholetwa kutoka nje kuja kupambana na cha kwanza. Mwanafunzi anayeandika ule utatu kwenye mtihani huikosa hoja hii yote.

Bundi naye ameonewa. Kwetu akilia juu ya paa watu wanawaza msiba. Bundi wa Minerva ni wa mungu wa hekima wa Warumi. Kijitabu kimechapa "Bundi wa Minerva huruka giza linapoingia" chini ya kichwa "Usikate tamaa", jambo ambalo halihusiani kabisa. Katika utangulizi wa kitabu chake Falsafa ya Haki, wa Juni 1820, maneno yanayoutangulia msemo huo yanasema kwamba falsafa inapopaka kijivu juu ya kijivu, namna fulani ya maisha imeshazeeka, wala haiwezi kurudishiwa ujana. Yaani falsafa huelewa zama zikiwa zinaisha. Haitoi ushauri wa kesho.

Kilichoachwa ndicho kizito zaidi. Kutoka mihadhara ya falsafa ya historia kimechukua "hakuna jambo kubwa duniani lililofanyika bila shauku", kikaruka kurasa ambamo Hegel, aliyetegemea taarifa za wamisionari na wasafiri, anaitoa Afrika katika historia ya dunia. Anaigawa mara tatu: kaskazini anaiunganisha na Ulaya, bonde la Nile anaisogeza upande wa Asia, na iliyobaki kusini mwa Sahara anaiita Afrika yenyewe, kisha anaiaga asiitaje tena. Mto huohuo unatoka Jinja, hapahapa Uganda! Msomaji wa Uganda anayeuziwa Hegel bila kurasa hizo anauziwa nusu, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Kuhusu utengenezaji: gundi ni nyembamba na mgongo haukukwaruzwa kabla ya kupakwa, kwa hiyo kurasa za katikati huchomoka ukikifungua kikalala. Kabla ya kulipa, kikunjue katikati usikilize. Kikilia kama kijiti kikavu, kiache.

Kwa hela hiyohiyo kuna njia bora. Tafsiri za zamani za Kiingereza ziko mtandaoni bure: Sibree ya mihadhara (1857) na Dyde ya Falsafa ya Haki (1896). Chapa utangulizi wa Hegel katika tafsiri ya Dyde na sehemu ya Sibree inayohusu misingi ya kijiografia ya historia, pande zote mbili za karatasi, utie spairo badala ya gundi. Anayetaka tarehe tu za maisha anaweza kununua kijitabu, asizidishe 5,000.