Duka la nyuzi Mchangani, kwa wanaoanza zawadi za Krismasi mapema

Siku nyingi nataka niliandikie hili duka, leo nimepata nafasi. Liko Mchangani, mjini Unguja, ukitokea Darajani sokoni unaingia na njia ya maduka ya kanga, kibao hana ila utaona vifundo vya nyuzi vya kila rangi vimening'inizwa mlangoni, bibi wa makamo amekaa kwenye kiti cha kamba, ndio hapo hapo.

Mie zawadi za Krismasi nashona mwenyewe kwa mkono, na nashona mwaka mzima maana nna watu kumi na nne wa kuwapa, wengine hapa Unguja wengine wakwe zangu Muheza, na ukisema uanze Novemba utakesha na bado hutomaliza. Foronya moja ya kudarizi, maua pembe zote nne na jina katikati, inanichukua wiki tatu za jioni nikishamaliza vyombo na watoto wakishalala. Kwa hiyo Mapinduzi yakishapita tu, Januari hiyo hiyo, naenda kununua kitambaa.

Sasa tabu ya kushona pole pole ni rangi. Unanunua nyekundu Februari, inakwisha Juni ua liko nusu, unarudi dukani unapewa nyekundu ambayo mle ndani unaona ndio ile ile, ukifika nyumbani ukiiweka pembeni ya ile ya mwanzo ni nyekundu nyengine kabisa. Mwaka juzi nilifumua ua zima kwa sababu hiyo, kwa duka jengine, na kitambaa kikabaki na vitundu.

Huyu bibi anauza nyuzi za DMC zile za Ufaransa, kila rangi ina namba kwenye karatasi yake, nyekundu yangu ni 321 na kijani 699, kifundo kimoja mita 8 na uzi wenyewe ni nyuzi 6 zimekaa pamoja, unachomoa 2 unashonea, kwa hiyo kifundo kinakwenda mbali kuliko unavyodhani. Lakini aliniambia hata namba ikiwa moja, nyuzi zilizokuja mkupuo tofauti wakati mwengine hupishana kidogo, "hesabu mwanangu, foronya ngapi, maua mangapi, nikukusanyie zote leo." Nikamwambia bibi, pesa ya zote sina. Basi akachukua bahasha ya kaki, akatia vifundo vyote humo, akaandika jina langu kwa kalamu ya bluu na akaitia kwenye mtoto wa meza, mie nikawa naenda kila mwezi nachukua viwili vitatu nalipa nilichochukua. Hakutaka amana. Bahasha ile imekaa kwake tangu Februari na sijawahi kwenda nikaikuta imepungua, na kila nikifika baada ya shikamoo na marahaba ananiuliza, "haya, Krismasi imefika wapi?" Yeye Muislamu na mimi Mkristo wa kanisa la Mkunazini, ila anajua nimefika foronya ya ngapi kuliko mume wangu.

Nyuzi za bei rahisi pia anazo na hakufichi zipi zinachuja. Anarowesha kipande cha pamba nyeupe, anakibana na uzi kwa vidole kama dakika hivi, akifungua unaona mwenyewe kama pamba imegeuka pinki. Nyekundu ikichuja kwenye foronya nyeupe kazi ya wiki tatu imekwenda, kwa hiyo hilo peke yake mie linanitosha kumpenda.

Jengine alilonifundisha, sindano na pini usiache kwenye kitambaa hata usiku mmoja, hasa masika, maana unyevu wetu huu wa bahari unafanya kutu haraka na doa la kutu halitoki kirahisi. Kazi iliyokwisha naifua, naianika ikauke kweli kweli, naikunja kwenye bati la biskuti na karafuu kidogo ndani ya kitambaa. Ya Machi nimeifungua juzi inanukia vizuri na nyeupe vile vile.

Kasoro zipo. Ndani kuna giza, usichague rangi kwenye taa yake, toka nayo mlangoni kwenye jua, mwenyewe hakatazi. Bei hazijaandikwa popote lazima uulize moja moja. Kitambaa cheupe cha pamba anacho aina moja tu na ni chepesi, mie nanunua kwengine kwa wari, nakifua kwanza kirudi ndio nakata. Sindano zake pia si nzuri, tundu dogo, uzi unachakaa ukipita.

Mwezi wa Ramadhani usiende kwa kazi ya kuchagua, hasa kumi la mwisho, njia yote ile imejaa watu wa nguo za Skukuu na yeye hana muda wa kukaa na wewe. Ijumaa anafunga kabla ya sala na mara nyingi harudi mpaka alasiri. Anapokea na pesa ya simu, ila nenda na chenji.

Nyota nne na nusu. Nimeshamaliza foronya tisa, ya mama mkwe nimeiacha ya mwisho maana yake naitaka na mkarafuu badala ya waridi, na kwenye bahasha vimebaki vifundo vitatu vya kijani, Jumamosi naenda kuchukua kimoja.