Konde, Pemba: kula pweza kabla hujaingia Ngezi

Watu wengi wanaokwenda Pemba kaskazini Konde wanapita tu, wanashuka daladala macho yote yako ufukwe wa Vumawimbi. Na mimi nlikua hivyohivyo, mpaka wiki ilopita tairi la baiskeli likanipasukia pale sokoni, fundi akasema nisubiri, njaa inauma, ndo nikafata harufu ya nazi mpaka kwenye kimkahawa cha bati nyuma huko, hakina hata bango.

Jamani pweza! Laini anakatika kwa kijiko, tui zito, ndimu imekolea, na muhogo wa nazi pembeni maana wali ulishaisha (nlifika saa nane, kosa langu, ukitaka wali saa sita na nusu uwe ushakaa). Mama mwenyewe ananambia kaa kitako mwanangu, una bahati, maji ya bamvua haya, wa leo huyu. Kumbe wanawake wanashuka mwambani na vijiti maji yakikupwa sana, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ukija maji mafu utapewa wa juzi au changu wa kukaanga. Kwa hiyo tizama mwezi kwanza ndo upange safari, mi sikuwahi kupanga chakula kwa mwezi zaidi ya Ramadhani.

Kasoro zipo. Chai ya viungo sukari kama shira, ukitaka isiyo tamu sema mapema na bado itakuja tamu. Kulipa kwa simu hawataki, na chenji hakuna, mimi chenji yangu imekuja kachori mbili, sikulalamika. Nzi wapo.

Ila shiba hapo. Ukishatoka Konde kuelekea Makangale unaingia msitu wa Ngezi, joto linakata ghafla utasema umefungua friji, halafu mbele ni rasi ya Kigomasha yote mpaka ule mnara wa taa wa chuma wa 1900 kule nchani, na hoteli za huko zimekaa kitalii, bei za dola.

Mkahawa nyota 4 kati ya 5, ile moja imeondoka na chai. Fundi wa tairi simpi hata nusu, kiraka chake kimebanduka katikati ya msitu nimesukuma baiskeli mpaka Makangale na tumbo limejaa pweza.