London na wanafunzi 40: mabweni ya chuo au hosteli za wasafiri?
Kama mnaenda Julai ama Agosti mi ningeanza na mabweni, wanafunzi wao wako likizo kwa hiyo vyuo kama LSE (London School of Economics, chuo kikuu cha hapo London) vinapangishia wageni, mengi yana vyumba vya mtu mmoja mmoja na jiko mnapika wali wenu, maana kula nje London kila siku utalia. Shida muhula ukianza hamna kitu. Hosteli ziko mwaka mzima, vitanda dabo deka, mnajazana sita au nane, kwa kichwa mara nyingi ni nafuu na mwalimu kukagua usiku ni chapchap. Ila wa chini ya miaka 18 ulizeni mapema, nyingi haziwachanganyi na wageni wengine, mnachukua chumba kizima. Na makufuli ya kufungia makabati ya hosteli bebeni wenyewe.