Ziara ya kulipia Bury St Edmunds: nyota moja, na hiyo ni huruma

Ukienda Bury St Edmunds, Uingereza, kuona magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Wabenediktini, usilipe mwongoza watalii. Nasema tena, usilipe! Bustani ni bure, magofu yako wazi, miguu unayo.

Huyu wetu, jina lake nalihifadhi, alitupitisha mbiombio kama anayekimbia mvua. Nusu ya muda ni mizimu tu: mtawa kaonekana hapa, mwanamke kaonekana pale. Mimi nimekulia upande wa Ndanda, Wabenediktini nawajua kwa shule, hospitali na kengele za alfajiri. Nilitaka kusikia hawa wa zamani waliishije na majirani zao, nikamuuliza habari za ghasia za 1327. Akanitazama juu mpaka chini. "Hiyo haimo kwenye ziara." Akarudi kwenye simu yake. Simu! Watu wazima tumesimama kwenye baridi tunamsubiri amalize kucheka.

Haimo vipi, wakati ndiyo habari yenyewe? Abasia ilianzishwa 1020, enzi za mfalme Canute, penye kaburi la Mtakatifu Edmund, na abate, mkuu wa watawa, akawa ndiye mwenye mji, soko na ushuru vyote vyake. Mwaka 1327 wenyeji wakachoka. Wakavamia, wakapora, wakavunja lango, na mwaka uliofuata abate mwenyewe akatekwa akavushwa bahari hadi Brabant, upande wa Ubelgiji ya leo. Halafu mtu anachukua hela yangu ananisimulia mzimu.

Kanisa lenyewe usitegemee kuta za kupendeza. Mfalme Henry VIII alipoifunga abasia 1539, mawe mazuri ya nje yalibebwa. Yamebaki mabonge ya gumegume na chokaa, yamejikunja ovyo. Ila upande wa magharibi watu wamejenga nyumba ndani ya matao yaleyale, na mapazia madirishani. Mtu anapika chai ndani ya ukuta wa abasia! Hapo nilisimama sana, ziara ikaniacha.

Kwa haki, langoni alisema jambo moja la maana. Lango jipya lilijengwa baada ya ghasia, na nyuma ya vishubaka vya sanamu waliacha matundu ya kurushia mishale, wenyeji wakirudi kuvamia. Peke yangu nisingeyaona. Basi nyota mbili.

Hapana. Nikikumbuka alivyonitazama, moja inamtosha.