Mashine ya kukausha hewa ya lita 12: misimu mitatu ya baridi katika fleti ya kaunsili

Kwa mwenye haraka: inunue, na ukishainunua uizime siku tatu kabla ya mkaguzi wa kaunsili (serikali ya mtaa, mwenye nyumba wangu) kuja kwako. Kwa nini, nitafika huko.

Mimi ni kea, mtunza wagonjwa na wazee, naishi mashariki mwa London na wanangu wawili, ghorofa ya nne, jengo la zege la miaka ya 1960. Vyumba vya kulala ni viwili. Mvulana ana miaka 13 na msichana 10, na kwa hesabu za hapa kaka na dada wakifika umri huo hawatarajiwi tena kulala chumba kimoja. Basi kila mmoja ana chake, na mimi mama yao nalala sebuleni kwenye kochi la kukunjua. Kila wiki naingia mtandaoni kubidi, yaani kuomba kwa kushindana na wengine, nyumba ya vyumba vitatu. Mwezi uliopita nilitokea wa 186 kwenye foleni ya nyumba moja, nikafunga simu nikaenda kupika.

Nyumba za kaunsili si ngeni kwangu. Nimezaliwa Tudor, Mombasa, katika nyumba za manispaa, na shangazi yangu alikaa Buxton, mtaa mwingine wa nyumba kama hizo, mpaka zilipobomolewa. Kule paa likivuja unaona tone na unajua pa kuweka ndoo. Huku maji yanatoka kwenye pumzi zenu wenyewe, kwenye sufuria ya wali, kwenye nguo za shule zilizoanikwa juu ya hita. Yakikutana na ukuta wa zege uliopoa kama barafu, yanatulia hapo. Asubuhi madirisha yanatoka jasho, na nyuma ya kabati kuvu nyeusi inapanda polepole kutoka pembeni. Mwaka wa kwanza nilivuta kabati la mwanangu nikakuta koti lake la Idi limeota manyoya ya kijani.

Kabla ya mashine hii nilitupa pesa nyingi. Nilianza na vile vikopo vya chembechembe za chumvi vya dukani, vya kuweka dirishani. Vinajaa maji kweli, ila ni kama kufuta bahari kwa leso. Halafu nikanunua mtandaoni kimashine cha pauni 35, kidogo kama chupa ya chai, kisicho na kompresa, ile pampu ya kupoza kama ya friji. Siku nzima kilinipa maji nusu kikombe. Nikapaka rangi ya kuzuia kuvu, nayo kuvu ikaipenda ile rangi, ikatokea juu yake baada ya miezi miwili. Na jiki, bila shaka. Mwanamke wa Mombasa akiona doa anatafuta jiki. Kifua cha mvulana hakikuipenda harufu, maana kijana ana pumu na pampu yake iko kwenye mfuko wa shule kila siku.

Hii ya lita 12 niliinunua Novemba 2023 kwa pauni 149, mpya, ya kompresa. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nyingi za bei hii zinafanana tumboni, na ninalosema linahusu aina yake. Jambo la kwanza kujua ni hiyo namba 12. Usidhani utamwaga lita 12 kwa siku. Kwenye kijitabu, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba wamepima katika joto la digrii 30 na unyevu wa asilimia 80. Hiyo ni Mombasa mwezi wa nne! Sebuleni kwangu mwezi wa Januari ni digrii 16 au 17, na usiku mmoja inanipa lita mbili hivi, mbili na nusu nikiwa nimeanika nguo. Na chumba kikishuka chini ya digrii 15, mashine ya kompresa inachoka kabisa. Mwenye chumba baridi zaidi ya changu atafute ile aina nyingine kubwa isiyotumia kompresa (si kile kimashine cha pauni 35). Hiyo inavumilia baridi, ila inakula umeme zaidi.

Kwa lita mbili hizo, lakini, nyumba imebadilika. Nina kipima unyevu cha pauni 9, na ningependa kila mtu awe nacho hata kabla ya mashine. Asubuhi kabla ya kuinunua kilikuwa kinasoma asilimia 84. Sasa ni kati ya 55 na 60. Madirisha yanaamka makavu. Sare za shule nazianika saa mbili usiku kwenye kamba ya kukunjua, nafunga mlango wa sebule, naielekeza mashine kwenye nguo, na saa kumi na mbili asubuhi hata soksi zimekauka. Zamani nilikuwa nabeba mafurushi hadi dobi la mashine za sarafu, pauni nne kukausha mara moja, na ngazi za ghorofa nne, kwa sababu lifti yetu inafanya kazi ikitaka yenyewe. Hapo peke yake mashine imejilipa.

Umeme sasa, maana ndio swali la kwanza la kila mtu ninayemwonyesha. Inakula wati 190. Nikiiwasha kwa masaa kumi, usiku kucha, ni kama uniti mbili kasoro, na uniti hapa ni peni 26 hivi, kwa hiyo ni karibu peni 50 kwa usiku mmoja. Pauni 15 kwa mwezi. Kuanzia Novemba mpaka Machi, pauni 75. Mita yangu ni ya kulipia kwanza, kama tokeni za nyumbani, kwa hiyo hizi peni naziona zikikimbia. Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inanisaidia sehemu ya kodi ya nyumba, lakini umeme ni wangu mwenyewe. Kuna wiki nilichagua kati ya hita na mashine, nikachagua mashine na mablanketi. Sijivunii. Pia halikuwa wazo zuri, kwa kuwa ukuta ukipoa zaidi unatoka jasho zaidi. Joto kidogo la muda mrefu pamoja na mashine ndilo lililonifaa kuliko joto jingi la saa moja.

Mabaya yake. Kelele: ni kama friji ya zamani, si mbaya mchana, ila kumbuka mimi ndiye ninayelala nayo chumba kimoja. Wiki ya kwanza niliota niko kwenye feri ya Likoni. Tangi lake ni la lita mbili na nusu, na usiku wa kuanika nguo linajaa saa tisa, mashine inajizima na kupiga bip tatu kali, kana kwamba nitaamka nishukuru. Hakuna pa kuizima hiyo bip. Taa yake ya kijani nimeibandika plasta. Chujio lisafishwe kila wiki mbili, na usishangae ukiona vumbi lake. Ukiisafirisha ikiwa imelala, iache isimame wima masaa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Mama yangu alikuja kututembelea majira ya baridi yaliyopita. Yeye ni wa kizazi cha kununua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, mabomba ya Tudor yakikauka. Alipoona nimelitoa tangi limejaa, akaniuliza nimelijaza saa ngapi. Nikamwambia, "Mama, hayo yametoka kwenye hewa." Akaliangalia, akanusa. "Na munayamwaga?" Tangu siku hiyo hakukubali nimwage. Alideki nayo choo na kumwagilia mrehani wake dirishani, na kila jioni alipiga simu Mombasa kuhadithia mashine inayokamua hewa. Nilimkataza kuyanywa. (Kweli, hayanyweki.)

Sasa mkaguzi. Nililalamika kwa mara ya kwanza mwisho wa 2023, mashine ikiwa na wiki chache. Akaja Februari 2024. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akija nyumba isafishwe, basi usiku wa kuamkia siku hiyo nilipiga kuta zote jiki, nikafukiza udi kidogo, mashine ikakesha. Bwana alikuwa na adabu zake, akavua viatu, akagusa ukuta na kifaa chake, akasoma unyevu: 54. Akaiona mashine kwenye kona, akaisifu. Barua ilipokuja iliniambia nifungue madirisha, nifunike sufuria nikipika, nisianike nguo ndani. Hitilafu yoyote ya jengo hawakuiona. Nifungue madirisha mwezi wa pili, kwa mita ile! Nisianike nguo ndani, ghorofa ya nne, nyumba isiyo na kibaraza!

Kazini nilimhadithia dada mmoja Msomali ambaye amepigana vita hivi miaka mingi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ukhti, umemlisha mgeni akashiba, halafu ukamwambia una njaa." Pesa zangu na umeme wangu vilikuwa vimemfutia kaunsili ushahidi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba msuluhishi wa malalamiko ya nyumba wa Uingereza alishatoa ripoti nzima Oktoba 2021, akisema wenye nyumba waache kukimbilia hadithi ya mtindo wa maisha ya mpangaji. Na akanihadithia habari za Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi waliotoka Sudan, aliyefariki Rochdale Desemba 2020. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alisema kuvu ya fleti yao ndiyo iliyomuua. Wazazi wake walikuwa wamelalamika, na wao pia waliambiwa habari za namna wanavyoishi. Usiku ule nilikaa nikisikiliza kifua cha mwanangu kupitia ukuta.

Sheria iliyopewa jina la mtoto yule ilianza kazi tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba, Uingereza yenyewe, si Scotland wala Wales. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu yenye hatari kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, upewe maandishi ya walichokuta ndani ya siku 3 za kazi baada ya hapo, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Niliandika tena mapema Novemba, nikataja pumu ya mtoto na barua ya daktari. Safari hii sikusafisha kitu. Mashine niliizima siku tatu, chujio na tangi nikaviweka ndani ya kabati. Kila asubuhi nilipiga picha ya kipima unyevu pamoja na ukurasa wa gazeti la bure la siku hiyo. Mkaguzi, mwingine, alikuta 79 na maji yanachuruzika dirishani. Nilivuta kabati mwenyewe. Hakuuliza habari za sufuria.

Wakaleta feni mpya za kutoa mvuke, jikoni na bafuni. Ya zamani ya bafuni ilikuwa ikizunguka bila kuvuta hata karatasi ya chooni. Wakatibu kuta mbili. Ukuta wa nje, ambao ndio mama wa matatizo yote, unahitaji kuvikwa koti la kuzuia baridi, na hilo limeandikwa kwamba litaingia kwenye mpango wa matengenezo ya jengo. Tarehe haikuandikwa. Kwa hiyo mashine bado inanguruma kila usiku, ila sasa saa sita zinatosha badala ya kumi.

Watu huniambia hama. Kodi yangu ni pauni 131 kwa wiki, sawa na pauni 568 kwa mwezi, na kila Aprili inapanda: 2023 asilimia 7, 2024 asilimia 7.7, 2025 asilimia 2.7. Fleti ya ukuta wa pili ni pacha wa yangu, kuvu ileile, dirisha lilelile. Mpangaji wa zamani aliinunua kwa ile haki ya wapangaji wa kaunsili kununua nyumba zao, iliyoletwa na sheria ya 1980, baadaye ikauzwa tena, na sasa vijana watatu wanaipanga kwa pauni 1,750 kwa mwezi. Mara tatu ya yangu. Na sheria ya Oktoba haijawafikia wao, kwa kuwa mwenye nyumba wao ni mtu binafsi. Niliwahi kujaribu kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine, jambo ambalo linaruhusiwa. Walikuja watu wawili kuangalia. Wa kwanza alipanda mpaka ghorofa ya tatu akapiga simu kwamba amebadili mawazo.

Kwa hivyo mashine nimeipa nyota nne kwa tano. Moja nimeinyang'anya kwa sababu ya bip ya saa tisa. Ukinunua, chagua yenye tundu la mpira wa kumwaga maji moja kwa moja kwenye sinki. Mimi sikujua, na nusu ya kero zangu zingeisha. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje. Weka risiti za umeme na picha zako zote kwenye faili moja, zenye tarehe.

Kile kimashine cha pauni 35 bado kiko juu ya kabati. Anayekitaka aje akichukue bure, ila apande kwa miguu. Lifti imekufa tangu Jumanne.