Hosteli ya chuo au geto? Uzoefu wangu baada ya kukaa kote kuwili

Wadogo zangu mnaosubiri kuripoti chuo, swali la hosteli naona linaulizwa sana kwa hiyo nawaambia nilivyoishi mimi. Nimesoma chuo kimoja cha serikali hapa Dar. Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli ya ndani, mwaka wa pili nikakosa kitanda nikapanga chumba mtaani, ndio geto lenyewe, mwaka wa tatu nikarudi hosteli na nilirudi kwa furaha kabisa.

Chumba cha hosteli ni cha watu wanne, deka mbili (vitanda vya juu na chini), makabati na meza. Ila wanne ni kwenye karatasi. Kuna kubebana, yaani aliyekosa kitanda anabebwa na mwenye nacho, wanalala wawili kwenye kile kigodoro chembamba, chumba kinajaa mpaka watu saba wanane. Sasa hiyo ni Dar, mwezi wa pili, umeshusha chandarua na umeme umekatika, joto lake msiombe. Lakini anayebebwa simlaumu hata kidogo, wengi ni watoto wa mikoani hawana ndugu mjini na boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, bado halijaingia, aende wapi? Vitanda havitoshi vyuo karibu vyote. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli za Magufuli zilipofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, watu walipumua sana na bado wapo wanaopanga mitaa ya jirani, Msewe na Changanyikeni, mpaka leo.

Kilichonitesa mimi ni maji. Floo za juu presha haipandi, kwa hiyo saa kumi alfajiri unasikia madumu yanagongana koridoni, mtu anapiga kelele "yametoka!" na wote mnashuka mbio na ndoo, mwenye kipindi saa moja na asiye nacho. Nunua ndoo yenye mfuniko, andika jina kwa maka peni na namba ya chumba, tena andika ubavuni sio kwenye mfuniko maana mfuniko unabadilishwa. Yakikata siku mbili vyoo vya floo nzima havisogeleki, na kwa sisi wadada ukiwa kwenye siku zako hapo ni kudhalilika jamani, hakuna neno lingine. Tuliandika barua, tukaenda kwa wadeni wa hosteli, yaani msimamizi, jibu likawa pampu inashughulikiwa, inashughulikiwa, mpaka UE, mitihani ya mwisho wa semesta, zikaisha. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka sasa, kwa sababu tulilipa ada ya chumba kama kawaida.

Pamoja na hayo yote bado nawaambia chukueni hosteli.

Mtaani dalali anataka kodi ya mwezi mmoja yake, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, luku mnachangia, na boom ndio hilo la 10,000 kwa siku la kula na kulala, tena linakuja kwa awamu. Halafu usiku. Diskasheni vimbwetani, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, zinaanza kunoga saa tatu, we wa geto ndio unaaga uwahi daladala, na njia ya kwenda kwako ina vibaka. Hosteli unapiga msuli, yaani unasoma, mpaka unachoka mwenyewe, unapanda ngazi unalala. Na watu! Rumeti wangu wa deka ya juu alikuwa mwaka wa tatu kozi ileile, alinipa pasti pepa zake zote, akawa ananiamsha usiku tunasolvu wote wenzetu wamelala, lile somo lililokuwa linadiskosha watu, yaani wanafeli mpaka wanaondolewa chuo, nikalivuka. Hicho kitu geto sikukipata, nilikuwa nasoma peke yangu na ukuta.

Kuhusu kuomba, ingia kwenye akaunti yako ya chuo dirisha likifunguliwa tu, ukipata kontrol namba lipa siku hiyohiyo, ukizubaa kitanda kinapewa mwingine. Floo ya kwanza au ya pili ukiipata shukuru, maji yanafika. Jiko la umeme acheni nyumbani, wakikukamata nalo wanaondoka nalo, na nyaya za yale majengo hazihimili mzigo huo. Kama una ulemavu au una ugonjwa unaokuzuia kupanda ngazi, peleka cheti cha daktari ofisi ya wanafunzi mapema kabla vyumba havijagawiwa, usisubiri kupangiwa floo ya nne ndio uanze kuhangaika kuhamishwa.